Upande Mtupu wa Kaburi la Diwani

Asubuhi moja mteja aliingia dukani kwa dobi mmoja, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Alipomtazama usoni, mfuko mtupu wa kubebea nguo ulimponyoka mkononi.

"Mama Pasi, ni wewe?"

"Ni mimi. Ulimtaka nani?"

"Si umekufa? Jana nimeona jina lako kule makaburini, limepakwa rangi nyeusi, linang'aa. Nikasema maskini, na suruali zangu ziko kwake."

"Kwa hiyo umekuja kumdai marehemu suruali."

"Nimekuja kuuliza nani kabaki na funguo."

Mama Pasi aliisimamisha pasi ili isiunguze shuka, akavua aproni. Kwa kawaida angecheka, maana ulimi wake nao haukuwa mzembe. Lakini jina lile lilikuwa limemkosesha raha kwa miaka, na sasa lilikuwa limepakwa rangi. Mwenye kulijua jiwe lile la kaburi angeelewa kwa nini aliziacha nguo za watu mezani.

Ilianza zamani, mumewe alipokuwa bado muuza viatu vya mitumba, hana mbele wala nyuma, ila mdomo anao. Mama Pasi hakupelekwa shule. Nyumbani kwao palikuwa na wadogo wa kulea, na aliyechaguliwa kuwalea ni yeye. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha kufua, kutia wanga na kunyoosha kola mpaka isimame yenyewe. Mume alikuwa na shati moja tu jeupe. Mke alilifua jioni, akalinyoosha alfajiri, na watu wakadhani ana kabati zima. Kwa shati lile alizungumza mikutanoni, na kwa shati lile akachaguliwa diwani. Watu walisema, huyu mtu msafi. Nani aliyekuwa akiutengeneza usafi wenyewe, hakuna aliyeuliza.

Katikati ya jiji lao kuna makaburi ya zamani, yamezungushiwa ukuta mrefu na kufunikwa na miti mikubwa. Humo wamelala wakubwa wa mji kwa safu: mameya, manaibu wao, madiwani wa enzi na enzi. Yupo meya aliyechorewa daraja kwenye jiwe lake, ingawa mtoni daraja hilo halijaonekana hadi leo. Yupo diwani mwenye sifa nyingi hata fundi akaishiwa nafasi na kuzimalizia kwa nyuma. Madiwani waliokuwa hai waligombania sehemu mle kabla hata hawajaumwa kichwa.

Mume wa Mama Pasi naye alipata yake. Wakati huo uchaguzi mwingine ulikuwa unakaribia, na mjini kulikuwa na minong'ono kwamba diwani ana mwanamke saluni. Basi akafanya jambo la kuwaziba watu midomo. Aliagiza jiwe la kaburi la watu wawili, kushoto jina lake, kulia jina la mkewe, na chini yake maneno PAMOJA HATA MAUTI. Wakapigwa picha mbele yake wameshikana mikono, na picha ikabandikwa kila ukuta. Mama Pasi alifurahi, tena sana. Jina lile likawa neno pekee alilojua kulisoma.

Mchonga mawe wa pale alikuwa na utaratibu wake. Herufi za aliye hai huziacha zilivyo, rangi ya jiwe, hazionekani vizuri mpaka usogee. Siku ya kuzikwa ndipo huzijaza rangi nyeusi.

Diwani alishinda. Picha zile hazijabanduka ukutani, vyombo vya Mama Pasi vilikuwa nje ya mlango. Mumewe alimwambia amechoka kulala na mtu anayenuka wanga. Wanga uleule. Ndoa ikavunjwa, wa saluni akaingia, na Mama Pasi akahamia chumba cha nyuma ya duka la udobi pamoja na binti yake.

Baadaye diwani alifia kikaoni, katikati ya hotuba yake mwenyewe, na kwa kitambo wenzake walidhani amesinzia kama kawaida. Akazikwa kwa vishindo. Jina lake likapakwa rangi. La Mama Pasi likabaki hivyo hivyo, linamsubiri.

Msiba ulipokwisha, dada yake marehemu alikuja dukani. Walikuwa mawifi wasiogombana sana.

"Wifi, usiwe na wasiwasi," alisema. "Nafasi yako ipo palepale. Siku yako ikifika tutakuleta wenyewe, ukoo mzima. Jina limeshachongwa, utakwenda wapi tena?"

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayekabidhi zawadi. Mama Pasi tangu hapo hakuwa na amani. Akiwa hai anaweza kukataa mtu mlangoni. Akifa nani atamsikia? Watambeba na kumlaza ubavuni mwa mtu aliyemtupia vyombo nje, na hapo hata kugeuka upande wa pili hawezi. Binti yake alimwambia, "Mama, nitawakatalia." Naye akamjibu, "Wewe peke yako, na ukoo wote ule? Watakubeba na wewe."

Ndiyo maana kila alipopeleka mashuka nyumba ya wageni hakukatiza makaburini, ambako kuna kivuli na njia fupi. Alizunguka ukuta wote juani, furushi kichwani. Wapita njia walidhani ni mwanamke anayependa mazoezi.

Siku ile mteja alipomletea habari, hakuzunguka. Aliingia moja kwa moja hadi safu ya wakubwa, akakuta kundi la watalii na kijana wa kuwatembeza, shingoni ana kitambulisho.

"Na hapa," kijana alisema, "amelala diwani wetu mpendwa na mke wake, ambaye alimfuata muda mfupi baadaye kwa huzuni."

"Huzuni gani?" Mama Pasi aliuliza kutoka nyuma.

"Ya kufiwa, mama."

"Ulimwona akihuzunika?"

"Ndivyo inavyosemwa."

"Inasemwa na nani?"

"Na mimi, mama. Ni kazi yangu. Naomba usinikatize."

Mama Pasi alilitazama jiwe. Jina lake lilikuwa jeusi tii, sawasawa na la jirani yake. Akageuka na kwenda kwenye kibanda cha mchonga mawe, karibu na lango.

Mchonga mawe alikuwa mtu mnene, nyusi zimejaa vumbi. Alipomwona alishika kifua.

"Tulia, fundi. Sijafufuka. Sikufa."

"Nisamehe, mama. Jiji linangoja wageni, nikaambiwa safu nzima ing'arishwe. Nimepaka jiwe baada ya jiwe, hata sikutazama nampaka nani; baadaye nilipoliona lako jeusi, nikadhani umekufa. Nitaikwangua rangi leo hii."

"Ukikwangua, jina linabaki?"

"Linabaki. Linarudi kuwa la mtu aliye hai."

"Basi usikwangue. Litoe lote."

Fundi aliweka patasi chini. "Hapo unaniingiza matatani. Mawe ya safu hii hayaguswi mpaka watu wa marehemu wasimame hapa waseme ndiyo. Mjane wake na dada yake. Waje wote wawili, na mimi nitachonga mbele yao."

Mama Pasi alianza na yule aliyedhani ni mwepesi. Kwa hesabu zake, mke mdogo lazima alikuwa akiitamani nafasi ile, na angeichukua kwa mikono miwili. Alimkuta saluni akisuuza nywele za mteja.

"Nimekuja kukupa nafasi yangu."

"Nafasi gani, dada?"

"Ile ya pembeni yake. Kule makaburini. Jina langu litoke, liwekwe lako."

Mke mdogo alifunga bomba. Povu lilimtiririka hadi kwenye viwiko.

"Dada, nilikukosea. Nalijua hilo, na siku nyingi nimetaka kukwambia. Lakini jamani, si kwa kiasi hicho."

Mteja aliyekuwa ameinamisha kichwa kwenye beseni alianza kutikisika mabega. Mama Pasi alijikaza, alishindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Mke mdogo naye akacheka, huku akijifuta macho kwa taulo la mteja.

"Mwenzangu, hata wewe humtaki?"

"Kwa mkoromo ule? Nilivumilia nikijua kuna asubuhi. Kule hakuna asubuhi, dada."

"Basi njoo unisemee kwa wifi."

"Nitakuja. Ila wewe ndiye utatangulia. Yule mama namwogopa."

Hata Mama Pasi alimwogopa. Wifi alifika makaburini na mwavuli wake mweusi, amenyooka, akasimama upande wa nduguye kama askari wa lindo. Fundi alikuwa tayari ameshika nyundo. Mke mdogo alijificha nusu nyuma ya meya mwenye daraja.

"Nimesikia," wifi alisema. "Nasema hapana. Mnataka ndugu yangu alale peke yake?"

"Wifi," Mama Pasi alisema, "alipokuwa hai hakulala peke yake hata siku moja. Mwacheni apumzike."

Fundi aliinama akatafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Kisha mwavuli ukaanza kutetemeka, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, na kutoka chini yake kikatoka kicheko ambacho wifi mwenyewe hakukitaka. Kilipokwisha alikuwa analia.

"Alivyokutoa ile siku, niliona aibu hata kupita mtaani kwako," alisema. "Mimi nilikula chakula chako miaka yote, na sikufungua mdomo. Nikasema angalau hapa hakuna wa kukufukuza. Nilidhani nakurudishia nyumba yako."

Mama Pasi alikuwa ameyasubiri maneno hayo muda mrefu kuliko alivyojua. Hakumwambia yamekwisha, kwa kuwa hayakuwa yamekwisha. Alisogea tu chini ya mwavuli.

"Nyumba yangu ninayo, wifi. Ina pasi mbili na dirisha la mtaani. Nikifa, binti yangu atanitafutia pa kunilaza, hata kama ni pembeni ya mtu nisiyemjua. Nisiyemjua hajanikosea."

Wifi alijifuta uso kwa kiganja. "Toa, fundi," alisema. "Toa kabla sijabadili mawazo."

Mke mdogo naye akasema ndiyo, kutoka alikokuwa.

Fundi alianza na herufi ya mwisho akirudi nyuma. Patasi iligonga, vumbi jeusi likaanguka, kisha vumbi jeupe. Mama Pasi alizitazama herufi zikiondoka moja moja, na kila moja ilipoondoka bega lake lilishuka kidogo, kama mtu anayetuliwa ndoo za maji. Palipokuwa na jina pakabaki bonde la kina kifupi, laini. Fundi aliuliza achonge nini badala yake. Hakuna aliyekuwa na wazo. Maneno PAMOJA HATA MAUTI yakaachwa, diwani akayasome mwenyewe.

Usiku huo Mama Pasi alilala bila kuota jiwe. Wiki iliyofuata, alipopeleka mashuka, hakuzunguka ukuta. Alikatiza kivulini, furushi kichwani, na akakuta kundi jingine limesimama palepale.

"Na hapa amelala diwani wetu mpendwa," kijana alianza, akamwona, akameza mate, "peke yake."

Mtalii mmoja aliinama juu ya bonde. "Na hapa? Pamekwanguliwa nini?"

Kijana alikuna kisogo. "Muulizeni huyo mama."

"Kulikuwa na mtu," Mama Pasi alisema. "Amehama."

Walipoendelea na safu yao, alilitua furushi juu ya jiwe la diwani ili apumzishe shingo. Mashuka yalikuwa mazito, yametiwa wanga vizuri. Akaliacha pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.