Kidonge cha Presha Matangani

Jumatatu iliyopita tulimzika kaka yangu Salumu, kwetu Matombo. Machozi hayakunitoka, na watu walikuwa wananitazama. Asubuhi nilikuwa nimemeza kidonge changu cha presha, kile kinachokojoza sana. Kila dua ikiisha nilinyanyuka mkekani, nikaenda nyuma ya migomba.

"Masikini, anajificha alie," wajomba wakanong'ona.

Niliwasikia. Kusema kweli, nilifurahi kuonekana nina uchungu.

Mara ya tano shangazi alinifuata na kanga ya kunifuta machozi.

"Mwanangu, usilie peke yako..."

Alinikuta nimechuchumaa, kanzu nimeikunja hadi kiunoni.

"Ni dawa ya presha, shangazi."

Akajifunika uso kwa ile kanga, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Hapo ndipo nilipomlilia kaka yangu.