Niliamini Marekani wanafuta kabila ya mtu, nikamtisha mama yangu bure

Wakuu, salamu kutoka Embu. Haya yalitokea kweli, chumvi nimeweka ya kuonja tu.

Nilikuwa naamini ukishuka Marekani, pale airport kuna mashine inapima ngozi yako, unaandikwa Black, na kabila lako linafutwa hapo hapo. Ukimaliza miaka kumi hata ndoto unaota kwa Kizungu.

Niliambiwa na jamaa wa posho mill kwetu Kiirua, Meru, mtu hajawahi kupita Nanyuki. Nikaamini asilimia mia mbili.

Mimi nauza hardware hapa Embu mjini, na diploma yangu ya sociology niliipata kwa masomo ya jioni. Hiyo diploma ndio ilinimaliza.

Mwalimu alifundisha assimilation: wazazi wanahamia nchi ngeni na lugha yao, watoto wanachanganya, wajukuu wanabaki na jina tu. Wenzangu waliandika notes. Mimi nilitoka jasho lita tano, coz ndugu yangu Murithi anaishi Marekani, na binti yake anaitwa Kagendo.

Kwa wasiojua: kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Na si jina tu. Anahesabiwa kuwa huyo shosho mara ya pili, hata baba yake humuita "mama".

Mama yetu, Kagendo mkubwa, alikuwa hajawahi kumwona kwa macho. Amengoja miaka kumi na mbili.

Mwezi mmoja kabla waje kututembelea nyumbani, Murithi akatuma picha kwa grupu ya familia, na moja ilikuwa fomu ya shule ya mtoto.

Race: Black. Jina: Kayla K.

K! Wakuu, mama yangu amebaki herufi moja!

Nilikosa usingizi wiki mbili (sawa, siku nne). Halafu nikafanya ujinga. Nikampigia mama nimtayarishe: "Mama, usishtuke, huyo mtoto si Mmeru tena. Na jina lako wametoa."

Mama akasema, "Basi waje wakule, waende."

Siku ya kufika, sufuria ya mukimo iko tayari, majirani wamejaa boma, mama amejifungia chumbani.

"Wewe umemwambia nini?" Murithi akaniuliza. Nikajifanya napangia majirani viti.

Akagonga mlango. "Mama, toka. Nimekuletea mama."

Komeo halikusogea.

Msichana akasogea, mrefu, waya kwa meno, Kiswahili ya kutembea polepole. "Shosho, mimi ni Kagendo. Kayla ni ya shule." Halafu akamalizia kwa Kizungu, haraka haraka.

"Anasemaje?" mama akauliza huko ndani.

"Analalamika eti namuita mama mbele ya marafiki zake," Murithi akajibu. "Namuaibisha."

Tukasikia kicheko. Komeo likatolewa. "Hata mimi baba yangu alikuwa ananiaibisha hivyo hivyo," mama akasema, akamshika mtoto mikono miwili.

Baadaye nilimuuliza Murithi kuhusu mashine. Alicheka hadi akamwaga chai. Fomu alijaza mwenyewe. Alisema kule hakuna kisanduku cha Mmeru, na mtu akimwona barabarani anaona Black tu, kwa hivyo imebidi ajifunze kuwa hiyo pia. Hapo hakucheka. Alisema siku zingine inachosha.

Nilichojifunza: usimpelekee mzazi notes za darasani kama habari za msiba. Walio nje, hebu semeni, mlianza kuitwa nini mlipofika huko?

Maoni ya mke wangu Igoki, mtu wa Karurumo hapa Embu, nishapata. Nilikuwa bado nabishana kwamba lazima kuna kitu kinafutika, akanikata:

"Baba Mwenda, kwenu Kiirua kila mtu ni Mmeru, nani alikuwa anakuita hivyo? Hilo jina tulikupatia sisi huku Embu. Na bado uko mtoto wa Kagendo."