Mgomba Uliozikwa Badala Yangu

Naitwa Bosibori, mama yake Kerubo, mchumaji chai wa upande wa Mogogosiek. Kabla ya kuugua nilikuwa na kifua cha kuimba sauti ya pili kanisani na kupanda mlima na kikapu kilichojaa bila kutua.

Nimonia ilianza kama homa ya kawaida, nikaidharau. Siku ya nne nilitema makohozi ya rangi ya kutu, midomo ikawa ya bluu. Hospitalini wakanitia bomba kooni, mashine ikanipumulia. Sikuweza kufungua macho wala kusema. Kusikia, nilisikia.

Wiki ya pili walijaribu kunitoa kwa mashine, nikashindwa. Shemeji yangu Ombati, ndugu ya marehemu mume wangu, akaja kitandani.

"Daktari, huyu alishaenda. Ni mashine tu inapumua. Si mzime? Kaburi tumeshachimba, pale kwa chai ya juu."

Chai ya juu! Mashina niliyoyapanda na mume wangu! Ameyang'oa nami ni mzima!

Daktari Chebet alinipaka kitu baridi chini ya mbavu za kulia, akaweka kile kifaa cha skani.

"Hiyo si ya kuangalia mimba?" Ombati akacheka. "Huyu ni mjane, mnatafuta nini kwa tumbo?"

"Natafuta msuli wa kupumua, mzee. Msuli huo ukinenepa pumzi ikiingia, basi anavuta mwenyewe." Kisha akaniinamia sikioni. "Mama Kerubo, vuta pumzi."

Niliufikiria uso wa Ombati. Nikavuta.

"Msuli umenenepa! Kidogo, lakini umenenepa. Hatuzimi."

Kila asubuhi alinipima hivyo, na kila asubuhi nilivuta kwa chuki. Siku ya tisa bomba likatoka. Binti yangu Kerubo alilia. Mimi nikauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Kaburi bado liko wazi?"

Lilikuwa wazi. Na kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, huzikwa mgomba. Niliporudi nyumbani wazee waliposema hivyo, nikawaambia aubebe Ombati peke yake. Aliubeba akihema, jamaa wote wakitazama.

"Vuta pumzi, shemeji," nikamwambia.

Namshukuru Mungu na yule daktari. Nyinyi wenye mgonjwa kwenye mashine, msikate tamaa. Ulizeni kama msuli umepimwa. Tena mchunge midomo, mgonjwa anasikia.

Mchungaji ananihimiza nisamehe. Bado. Boma la Ombati liko ng'ambo ya ua. Kila asubuhi nikienda kuchuma nasimama pale ulipozikwa mgomba, navuta pumzi ndefu, kwa kelele, mpaka asikie.