Herufi ya Lozali

Nilichoshwa na ile kompyuta kabla hata sijaizoea. Ilikuwa ya kwanza katika ofisi ya kiwanda chetu cha kuchambua pamba, Kahama, mwishoni mwa miaka ya themanini, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Fundi alikuja kutoka Mwanza, akaweka mfumo mpya, akapanda basi akaenda zake. Asubuhi nawasha, nataka ripoti ya pamba, kioo kinaniambia toleo si sahihi.

Wiki hiyohiyo mke wangu alikuwa amejifungua kwao Ushirombo, mtoto wetu wa kwanza. Kwao mtoto hutolewa nje kitovu kikishadondoka, na wa kumpokea mlangoni ni baba yake. Nikaomba ruhusa. Bosi hakuinua hata kichwa.

"Kwanza lipoti, baba. Halafu uende."

Haya. Nikampigia fundi. Simu zenyewe za kupitia kwa opereta, unangoja mpaka sikio linauma. Akanieleza kuwa programu yetu haichapi ripoti yenyewe. Huazima kazi hiyo kwenye faili jingine, wenyewe wanaliita maktaba, na mfumo mpya unataka maktaba mpya.

"Lipoti ipo?" akauliza, maana ndilo jina la hilo faili.

Nikatazama. "Lipoti ipo."

"Basi itafanya kazi."

Itafanya wapi! Nikazima, nikawasha, nikapakia disketi zote upya, yaleyale. Kesho yake nikampigia tena, sauti imenikauka. Nikamwomba, kaka, hebu nitajie jina la hilo faili herufi mojamoja.

"Ya kwanza ile ya lozali," akasema.

Alimaanisha rozari. Mimi nikaandika L. Wasukuma wawili kwenye simu mbovu, nani angemsahihisha mwenzake?

Halafu simu nayo ikafa. Nikabaki nasoma majina ya mafaili yote, moja baada ya jingine, macho yananiwasha, moyoni nawaza kitovu cha mtoto. Ndipo nikaliona: juu LIPOTI, chini kabisa RIPOTI. La juu lilikuwa la zamani. Fundi aliyeileta kompyuta mwanzoni, naye wa kwetu, aliliandika anavyolitamka, na programu ikafundishwa kuliita hivyo. La chini ndilo jipya, limeandikwa sawasawa na watu wa Dar, limekaa tu, halina wa kuliita. Nikafuta la zamani, jipya nikalipa jina la lile la zamani. Printa ikaanza kukereza karatasi. Wala sikufurahi, nilitaka kulala.

Basi lilinishusha Ushirombo kesho yake mchana. Mama mkwe alikuwa uani, anasugua masufuria ya shughuli. Mtoto alikuwa ametolewa nje jana yake, shemeji yangu ndiye aliyempokea. Nikaamkia, nikaitikiwa kwa mbali.

Ndani, mke wangu alimfunua mtoto uso, akamgeuzia kwangu.

"Mwamkie mgeni," akamwambia.