Safari ya Sadaka kwa Mkono Nusu

Karakana yangu ipo Kibiti, kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi, na sakafu yake ni ya zege. Naanza na zege kwa sababu mafundi wengi huku hufungua injini juu ya mchanga, kisha hushangaa kwa nini haidumu. Mimi sikurithi kiwanja wala spana. Nilisomea stashahada ya ufundi mitambo huku nikibeba mizigo sokoni, nikaenda Uarabuni kutengeneza mashine za boti, nikarudi na masanduku ya vifaa vyangu mwenyewe. Leo watu wanatoka Nyamwage na Ikwiriri, wanawapita mafundi wengine njiani, wanakuja kwangu. Sisemi ili nisifiwe. Ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo mashine ya boti ya shangazi ilipokufa, hakuna aliyeuliza ipelekwe wapi. Shangazi ni dada yake baba, mjane, anaishi Mbwera. Boti ile ya mbao ndiyo inayomweka mjini, kama tunavyosema, ingawa mji wenyewe ni visiwa na mikoko. Inabeba watu, mchele na samaki wakavu hadi Nyamisati, ambako wanapanda gari.

Niliifungua mashine yote. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda na kuichana vibaya. Nikaichongesha silinda, nikaweka pistoni na ringi mpya, nikaifunga kwa mikono yangu. Lakini nilimweleza shangazi ukweli kwa simu.

"Shangazi, silinda hii imechongwa mpaka mwisho wake. Ikichanika tena, haitengenezeki. Itabidi mashine nyingine."

"Na hiyo nyingine nitaitoa wapi, mwanangu?"

Akakata simu.

Mashine iliyofungwa upya ina tabia zake. Ringi na silinda bado hazijazoeana, zina ukali. Unazisuguanisha kwa upole: oili unaizidisha kidogo kwenye petroli, mkono wa mashine, ule wa kuongezea mwendo, unaufungua nusu, mara unapunguza, mara unaongeza kidogo, mzigo uwe mwepesi, na katikati unaizima ipoe. Ukiifungulia yote siku ya kwanza, joto linapanda, pistoni inatanuka, na hapo umerudi ulikotoka. Mpango wangu ulikuwa kuzunguka mtoni siku nzima na nahodha wa shangazi, sisi wawili tu, boti tupu.

Nikaipeleka Mbwera, nikaifunga kwenye boti, nikalala kwa shangazi. Asubuhi nilipotoka nyumbani kwake na kushuka gatini, nikakuta boti imejaa watu, magunia na vikapu vya kuku. Sufuria mbili kubwa za ubwabwa zilikuwa zimefungwa kwa kanga, zimewekwa katikati.

Pale Mbwera, boti ikipata mashine, safari ya kwanza ni ya sadaka. Anayetaka anapanda na mzigo wake, halipi kitu, na mkifika mnakula pamoja. Mwenye boti asipofanya hivyo, watu wanasema chombo hakina baraka, na mizigo yao wanaipeleka kwa wengine. Mila hii naijua tangu utoto. Ila nilitegemea shangazi angeingojesha mpaka mashine ikomae.

"Shangazi, mashine bado changa hii!"

"Watu wameoga, wamevaa, ubwabwa umeiva. Niwaambie nini, wakavue nguo?"

Nikasema sawa, tutakwenda, lakini mkono wa mashine naushika mimi. Nahodha, Mmatumbi ambaye tunataniana tangu siku ya kwanza tuliyojuana, akasogea pembeni akiguna. Shehe akasoma dua. Dua ilikuwa nzuri na ndefu, na ilipofika mwisho maji yalikuwa yameshaanza kupwa.

Tukaondoka. Mashine ilinguruma kwa sauti ndogo, safi, bila kukohoa, na ninasema bila aibu kwamba hakuna fundi mwingine kati ya Ndundu na bahari ambaye angeifunga ikaimba vile. Kinamama wakaanza kaswida. Mikoko ikawa inapita taratibu, taratibu sana, mpaka ungeweza kuhesabu kaa kwenye mizizi yake.

"Fundi," akasema nahodha, "hii boti au jeneza?"

"Boti."

"Maana jeneza nalijua, huwa lina haraka kidogo."

Watu wakacheka. Boti nyingine ikatupita, imejaa vijana. Mmoja akasimama na kupiga kelele: "Oya! Shangazi, umefunga cherehani?" Wakatuachia mawimbi, wakatokomea kwenye kona.

Nilivumilia. Mtu aliyesoma huku anabeba magunia hasumbuliwi na cherehani.

Taabu ilikuwa mbele. Karibu na mlango wa mto kuna fungu la mchanga, na boti yenye mzigo hulivuka maji yakiwa bado mengi. Tulipoliona, maji yalikuwa yameshabadilika rangi juu yake, yanazidi kupungua.

"Fungua mkono wote," nahodha akasema, safari hii bila utani. "Tulivuke, halafu uendelee na upole wako."

"Fungua, fundi!" wakadakia watu. "Tutalala hapa!"

Nikaweka kiganja juu ya kifuniko cha mashine. Ilikuwa ya moto kuliko nilivyopenda. Mzigo ule ulikuwa umeshaitesa vya kutosha. Nikamwita shangazi, aliyekuwa amekaa mbele juu ya gunia. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie.

"Nikifungua, tutavuka. Lakini mashine siwezi kuidhamini. Nisipofungua, tutakaa kwenye tope mpaka maji yarudi. Boti yako, Shangazi. Sema."

Kaswida ikakatika. Shangazi aliangalia fungu, kisha akawaangalia watu wake, ambao kesho wangeweza kusema lolote. Alivuta mtandio wake ukakaa vizuri.

"Zima."

"Mama!" nahodha akalalamika.

"Nimesema izimwe. Niliahidi kuwabeba. Sikuahidi kuwakimbiza."

Nikazima. Nahodha akachukua pondo, akaisukuma boti hadi mahali pa tope laini, ili maji yakiondoka ikae wima. Ile kazi aliifanya vizuri, na nilimwambia hivyo. Maji yakatuacha polepole.

"Mimi nina gari la mchana la kwenda Kibiti," akanung'unika bwana mmoja mwenye begi.

Bibi mmoja mwenye kuku akamgeukia. "Ungelipa nauli tungekusikiliza, baba. Umepanda bure. Nawa mikono."

Shangazi akafungua kanga kwenye sufuria. Tukala ubwabwa na samaki wa nazi katikati ya tope, boti imesimama kama kibanda. Kaa walitoka kwenye matundu yao kutuchungulia. Nilipomaliza kula nilichomoa plagi nikaitazama: kavu, rangi ya udongo, ndivyo inavyotakiwa. Nikaipitisha kwa watu waione. Nahodha akaigeuzageuza, akanirudishia, akasema, "Haya." Adhuhuri wakaisali humo humo, wamebanana kati ya magunia. Wengine wakasinzia.

Maji yaliporudi yakatuinua bila haraka. Nikavuta kamba, mashine ikawaka mara moja, na sauti ilikuwa imejaa kuliko asubuhi. Kupoa kule kulikuwa kumeifaa. Tukavuka fungu kwa mkono nusu, tukafika Nyamisati jua likiwa bado juu. Bwana wa begi alikimbilia stendi bila kuaga. Waliobaki walishusha mizigo yao, na niliwasikia wakimuuliza shangazi siku ya safari ijayo na nauli yake. Aliwajibu mmoja mmoja, akiwashika mikono.

Tulilala kwa jamaa. Kesho yake tukarudi na boti tupu, sisi watatu. Tulipoingia mtoni shangazi akahama kutoka mbele, akaja kukaa karibu yangu.

"Nipe nishike."

Miaka yote ya kumiliki boti hakuwahi kuishika mashine. Nikakiweka kiganja chake kwenye mkono wa mashine, nikamwonyesha nusu inaishia wapi. Aliushikilia hapo hapo mpaka Mbwera, na nahodha aliposema njia ni nyeupe, aongeze kidogo, hakugeuka hata kumtazama.