Siku mimi na Kadzo tulipokunywa ukwaju mbele ya watu, Kisauni, karibu na uhuru

Wakuu, salamu zenu nyote, wa pwani na wa bara.

Humu huwa nasoma tu, siandiki. Mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea akaunti, na miwani ikikubali nasoma nyuzi zenu mpaka chai inapoa. Leo nimeamua kuweka wangu. Ni mambo yaliyonipata mimi mwenyewe. Pale nisipojua nitasema sijui.

Mtanisamehe Kiswahili changu kikiwa cha kizee. Mimi ni mtu wa Kisauni, nimezaliwa hapa na nimezeekea hapa.

Ilikuwa muda mfupi kabla ya uhuru. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki, nikiishi kwa ami yangu, Mwalimu Rajabu, pamoja na kaka yangu Salim.

Ami alisomesha watoto Kurani. Salim alifanya kazi bandarini, akivuka kila siku kwa baiskeli lile daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji.

Mnaosoma historia mnajua siku zile. Wako waliotaka mwambao uwe mbali na Kenya, na wako waliotaka nchi iwe moja. Kwenye vitabu yanaonekana ni mambo ya wakubwa na makaratasi yao. Kwetu yalikuwa mambo ya kisimani. Mtu uliyechota naye maji tangu utotoni anakuuliza, "Kwani nyinyi muko upande gani?" Ukijibu asivyopenda, kesho haitiki salamu.

Watu walipigwa sokoni. Huko Mtopanga nyumba ya makuti ilishika moto, na kila upande ukasema ni upande wa pili uliowasha. Wengine walianza kupeleka watoto kwa jamaa zao mbali. Sisi tulianza kulala madirisha yamefungwa, na joto la huku mnalijua.

Basi ami na mzee mmoja wa kanisa wakakubaliana. Jumapili alasiri, watu wote waje uwanjani. Waislamu wasome dua, Wakristo wasali sala yao, kisha watu wale pamoja. Pasiwe na bendera, pasiwe na hotuba ya chama. Polisi walitoa ruhusa, ila yaishe kabla jua halijatua.

Waliosimama mbele walikuwa wanaume. Nyuma, kwenye mapishi, tulikuwa mimi na Kadzo.

Kadzo alikuwa Mgiriama, kijana kama mimi, ameolewa, akisali kwenye kanisa la yule mzee. Mumewe alikuwa kibarua. Siku ya kwanza tulisalimiana tu, kila mmoja akakaa na kazi yake. Siku ya pili akaniona nikikuna nazi akacheka. Akasema, "Mwanaidi, hiyo nazi unaikuna au unaibembeleza?" Tangu hapo tukawa marafiki.

Nisimame kidogo hapa. Kuna vijana humu wanadhani kujitolea ni kuvaa fulana na kupigwa picha. Sisi tulizunguka nyumba kwa nyumba kuazima masufuria na mikeka. Wengi walikataa, tena kwa upole, mtu anatazama chini. Bibi mmoja aliniambia, "Sufuria nitakupa, mwanangu, lakini ukiulizwa usiseme ni yangu." Nikaondoka nayo nimeifunika kwa leso kama niliyeiba.

Tulikubaliana tusipike nyama, ili pasiwe na maneno ya nani amechinja. Tupike wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na kinywaji kiwe ukwaju.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, nikiwa peke yangu nyumbani, mtu akapiga hodi.

Alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi na shati jeupe. Simjui. Alitoa salamu vizuri, nikaitikia. Nikamwambia ami hayupo.

Akasema, "Sikumjia yeye. Wewe ndiwe Mwanaidi?"

"Ndimi."

"Ndugu yako ni Salim, ana baiskeli nyekundu. Huvuka daraja asubuhi mapema." Aliyasema haya kama mtu anayekukumbusha jambo zuri. "Mwambie avuke vizuri. Na nyinyi wanawake kazi za jikoni mfanye majumbani mwenu."

Akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Wakuu, angepiga kelele ningeogopa kidogo. Ule upole ndio ulionimaliza. Nilikaa kizingitini nimeshika mwiko, nisijue nilikuwa nikipika nini.

Sikumwambia ami wala Salim. Nilijua ami angeacha yote. Nilimwambia Kadzo tu. Hakushangaa. Akasema na kwao amekuja mtu, si huyo, mwingine, akamwambia mumewe kwamba nyumba za makuti hazichelewi kushika moto.

Nikamuuliza, "Tuache?"

Akajifunga leso yake upya. Kisha akasema, "Tukiacha, watajua dawa yetu ni hiyo. Watarudi kwa kila jambo."

Tangu siku ile kila Salim akitoka nilisimama mlangoni mpaka apotee, na jioni sikuweza kula mpaka nisikie kengele ya baiskeli. Yeye alidhani namhimiza kazini.

Jumapili ikafika. Tulikuwa na kiwanja kidogo nyuma ya uwanja, tumezungushia makuti, ndipo jikoni petu. Asubuhi tulikamua ukwaju, tukaujaza kwenye masufuria matatu makubwa, tukafunika na kuweka jiwe juu ya kila kifuniko. Maji yakapungua. Ilibidi twende kisimani sote wawili, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kwenda peke yake, wala kubaki peke yake.

Tuliporudi, jiwe moja lilikuwa chini.

Kifuniko kilikuwa mahali pake. Jiwe lilikuwa mchangani, limewekwa, halikuanguka. Au pengine lilianguka. Mpaka leo sijui.

Kadzo aliweka ndoo chini polepole. Tulilishika lile sufuria huku na huku, tukalimwaga lote nyuma ya makuti. Kuku wakaja kudonoa pale palipomwagika, na sisi tukasimama tukiwatazama, watu wazima wawili, tunangoja kuku afe.

Hawakufa. Lakini nikajiambia, kuku si binadamu.

"Na haya mawili?" nikauliza.

"Mawe yako juu," Kadzo akasema. "Lakini hapewi mtu kabla yetu. Tutaonja sisi kwanza."

Tukakubaliana hivyo, ila kazi ya wali ikatushika na watu wakaanza kufika. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Waislamu wakaketi upande wa msikitini, Wakristo na vibarua wa bara upande wa pili, na katikati pakabaki mchanga mtupu ambao hakuna aliyeukanyaga. Nilichungulia kupitia makuti. Ami alisoma dua. Mzee wa kanisa akasali. Watu wakaitikia amina, kila upande kwa wake.

Kisha ami akasema, "Sasa karibuni chakula."

Hakuinuka mtu.

Nikaona mama mmoja akimvuta mtoto wake, anamnong'oneza jirani. Jirani akamgeukia mwingine. Yale maneno niliyaona yakitembea kabla sijayasikia, vichwa vinageuka kimoja kimoja kama upepo unapita kwenye nyasi. Ndipo yakanifikia.

Ukwaju umetiwa sumu.

Upande mmoja wakasema Waswahili wanataka kuwamaliza. Upande wa pili wakasema wamewekewa na hao hao wanaolalamika. Wanaume wakaanza kusimama. Mmoja aling'oa fito kwenye uzio wetu, karibu kabisa na uso wangu, nikaona vidole vyake. Ami alikuwa akisema jambo lakini sauti yake haikufika popote.

Nasema kweli, wallahi, nilitazama upande wa nyuma nikapima kama naweza kukimbia mpaka nyumbani.

Kadzo akachukua kata ya maji. Akanitazama. "Nishikie hilo sufuria upande mmoja."

"Kadzo, hatujui."

"Ndiyo, hatujui. Shika."

Nikashika. Tulitoka na sufuria moja mpaka pale mchangani katikati, tukarudi tukaleta la pili. Kelele zikapungua, nadhani kwa mshangao, maana hakuna aliyetarajia wanawake watokee huko nyuma.

Kadzo hakupaza sauti sana. Akasema, "Mimi mwanijua, nasali na nyinyi. Huyu ni Mwanaidi, mtoto wa Mwalimu. Ukwaju huu tumekamua sisi wawili, hakuna mwingine."

Akachota sufuria la kwanza akanywa, akanipa kata nikanywa. Tukafanya hivyo na la pili. Ukwaju ulikuwa mkali, na nikawaza kwamba ukali ule ungeficha kitu chochote.

Mtu mmoja kutoka upande wa kanisa akasema, "Sumu haiui hapo hapo. Nawakae tuwaone."

Mwingine upande wetu akasema, "Ndiyo, nawakae."

Hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana siku ile.

Tukaketi mchangani. Watu wote wanatutazama kama wanaongojea maiti. Tumbo likaanza kuniunguza. Nilihisi ulimi unakuwa mzito, vidole vinakufa ganzi, jasho la baridi. Sasa najua ilikuwa hofu. Wakati ule nilijua nakufa. Nikaanza kutoa shahada kimoyomoyo.

Ami alikuwa amesimama hatua chache tu, machozi yanamtoka, hasogei. Baadaye aliniambia angesogea watu wangeona anajua kitu.

Nikainua macho, nikamwona yule mtu wa shati jeupe. Amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani, ananitazama bila chuki. Nikamtafuta Salim kwa macho nisimwone. Kadzo akanishika mkono. Mkono wake mwingine ulikuwa tumboni, nami nikawaza, naye tumbo limemwanza.

Sijui tulikaa muda gani. Kivuli cha makuti kilikuwa kimetufikia.

Mwisho akainuka mzee mmoja wa upande wa vibarua, mrefu, miguu ina vumbi mpaka magotini. Akaja taratibu mpaka kwenye sufuria.

Akasema, "Mimi nimetoka Changamwe kwa miguu. Nina kiu."

Akainama, akachota, akanywa kata nzima, akachota tena. Akajifuta mdomo. Akaniuliza, "Mwanangu, sukari iliisha?"

Mtu akacheka. Sijui nani, lakini alicheka, na kicheko kile kikavuka ule mchanga. Yule aliyeng'oa fito akaitazama kama aliyeshikishwa na mtu mwingine, akaiweka chini.

Nisiwadanganye kwamba watu wote walikumbatiana. Wengi waliondoka bila kula. Waliobaki walikula kwa woga, wakitazamana nani amemeza kwanza. Lakini walikula mikeka imechanganyika, na wakaenda makwao kabla ya magharibi, na siku ile Kisauni hakuumizwa mtu. Nilipotafuta tena shati jeupe, halikuwepo. Salim alikuwa nyuma ya umati muda wote, amezuiwa na vijana asinifuate.

Tulipokuwa tukisugua masufuria, Kadzo akatapika. Nikapiga kelele, nikijua ndiyo ile sumu sasa.

Akanishika bega. "Si sumu, Mwanaidi. Ni mimba. Mwezi wa tatu huu."

Nilikaa chini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kabla ya kunywa.

Akasema, "Ungekunywa peke yako. Na wale wa kwetu wasingeamini."

Kaka yangu hakuguswa. Hata hivyo niliendelea kusikiliza ile kengele ya baiskeli kila jioni mpaka baada ya uhuru. Yule mtu sikumwona tena, wala sikujua alitumwa na upande gani. Kadzo alijifungua mtoto wa kike salama. Mwenyewe ametangulia mbele ya haki, na huyo binti, naye ni bibi sasa, hunipigia simu kila Idi.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Nilikuwa nangoja hofu iniondoke kwanza ndipo nifanye jambo. Haikuondoka. Nilikunywa nayo, nikakaa nayo mchangani, nikarudi nayo nyumbani. Na ule uvumi ulitaka kuua watu wengi kuliko sumu yoyote, wala aliyeuanza hakujulikana. Kila uchaguzi ukikaribia naletewa sauti kwenye simu, "ati fulani wamepanga hivi." Mimi huwa nauliza aliyenitumia, wewe umeona? Akisema hakuona, nafuta.

Haya, nimemaliza, vidole vimechoka. Karibuni mseme na nyinyi. Aliyewahi kukaa jikoni kwenye jambo kama hili, atuambie hofu yake aliifanyaje. Na kama kuna mtu humu ambaye babu yake alikuwa akiishi Changamwe, mrefu, mtu wa kutembea kwa miguu, aliyewahi kusimulia alivyokunywa ukwaju usio na sukari Kisauni, tafadhali aandike jina lake hapa chini. Siku ile tulishikwa na kazi, hatukumuuliza.