Bingwa Aliyepigwa na Kila Mtu

Enzi zetu pale Itigi bondia hakuwa na rekodi, alikuwa na uso. Ukitaka kujua amepigana na nani, ulimtazama midomo. Leo vijana wanafungua simu, wanasoma fulani kashinda ngapi na kapigwa ngapi, kisha wanatoa hukumu wakiwa wamejilaza kwenye kochi, watu ambao mbu akiwauma wanaita mama. Sisi tuliokula ngumi kwelikweli tuna neno letu.

Wenzangu mnazikumbuka zile glavu. Soksi za baba zilizotoboka kisigino, tumezishindilia matambara na majani makavu, tumezifunga mkononi kwa kamba ya katani. Ulingo ulikuwa mchanga wa nyuma ya stesheni, na harufu yake ilikuwa ya oili, vumbi na karanga za kukaanga. Saa hatukuwa nayo, kwa hiyo raundi iliisha pua ikitoka damu au mama wa mmojawapo akitokea na fimbo. Mshindi alipewa kipande cha sega la asali, na akijisikia vizuri alimmegea aliyeshindwa.

Pambano halikuanza hivi hivi. Lilihitaji mchochezi, na mchochezi wa mtaa wetu nilikuwa mimi, msichana mwembamba mwenye mdomo mkubwa. Nilichota mchanga nikafanya vilima viwili kati ya wale wawili, nikasema, "Hili ziwa la mama yako, hili la mama yake. Haya, mwanaume nani?" Ukikanyaga ziwa la mama wa mwenzako, vita vimeanza. Ukiondoka bila kukanyaga, sisi wasichana tulikuimbia mpaka ukatamani kuhama shule.

Shabani hakuwahi kupigwa. Alichagua watoto wa madarasa ya chini, na akitokea wa saizi yake, tumbo linamkata ghafla, anakimbilia vichakani. Sijawahi kuona tumbo lenye akili kama lile.

Kaka yangu Ntandu alipigwa na kila mtu. Alikanyaga vilima vya yeyote, tena kabla sijamaliza kuvitengeneza. Baba yetu alikuwa mrina asali na Ntandu alifuatana naye porini, kwa hiyo akirudi uso umevimba mama hakujua awalaumu nyuki au majirani. Wala hakuhangaika kuuliza. "Umepigwa huko, kalilie huko huko," alisema. "Hapa kwangu kuna ugali." Ulikuwa ugali wa uwele kwa mlenda, chakula kizuri sana kwa mtu mwenye meno yanayocheza.

Kisha akaja Injini. Jina lake halisi silikumbuki, baba yake alikuwa amehamishiwa reli, na yeye alishuka kwenye treni akiwa tayari na mabega ya mtu mzima. Hakumaliza wiki bomba la maji likawa lake. Tulikuwa tunapanga madumu kwenye foleni tangu alfajiri, anakuja jua limeshapanda, anayapiga mateke, anaweka la kwake mbele, na sisi ndio tunampampia. Tukichelewa nyumbani tunachapwa. Maji yale yalituponza pande zote mbili.

Nikachota mchanga. Shabani akashika tumbo. Ntandu akakanyaga, na alipigwa mpaka mimi mchochezi nikaona aibu. Kesho yake akapanga dumu lake tena, likapigwa teke tena, akapigana tena, akapigwa tena. Ikawa ndiyo ratiba. Vilima sikuvitengeneza tena, alivitengeneza mwenyewe, jicho moja likiwa limefumba.

Asubuhi moja Injini alimwona anakuja, soksi zimeshafungwa mkononi. Akakaa juu ya dumu lake.

"We huchoki?" akauliza.

"Nimeshazoea," Ntandu akasema. "We je?"

Injini alimtazama, akainuka, akalibeba dumu lake mpaka mwisho wa foleni. Tangu siku ile tulichota maji kwa zamu, na Ntandu hakuwa ameshinda hata pambano moja.

Mwaka huu vijana wa Itigi wameanzisha klabu ya ngumi wakatafuta mwalimu. Waliojitokeza ni hao hao wawili, Shabani na kitambi chake, na kaka yangu. Ntandu aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Mke alishatangulia, watoto wamehama, na jioni anarusha ngumi peke yake uani huku kuku wakimkimbia. Siku ya kuchaguliwa alipiga pasi mpaka soksi.

Katibu wao, kijana anaitwa Elia, alinifuata na simu yake mkononi, humo ameandika kila alichosimuliwa juu ya wazee wale.

"Shikamoo mama. Samahani, lakini mzee Shabani hajawahi kupigwa. Mzee Ntandu, tukisema ukweli, ni vipigo vitupu. Watu watatuelewaje?"

"Marahaba. Na siku mkipigwa, huyo asiyejua kupigwa atawafundisha nini? Kuumwa tumbo?"

Nikaona maneno hayatoshi. Nikainama, magoti yakalia, nikachota mchanga nikafanya vilima viwili kati ya wazee wale, mbele ya vijana wote. Kimoja kilikuwa cha mama yangu mwenyewe, Mungu anisamehe. Sijafungua mdomo, Ntandu ameshakanyaga. Shabani alitazama mchanga, akapapasa mfuko, akatoa simu. "Haloo?" akasema, akaondoka anaongea. Simu haikuwa imeita. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini, na kaka akapewa kazi.

Siku hizi nikipita nyuma ya stesheni mchanga umelala tu, hauna hata alama ya kisigino. Mtoto akichokozwa anamfungia mwenzake kwenye simu, mambo yameisha, na kesho hamjui tena. Sisi tulipigana asubuhi, jioni tukala sega moja, na wale waliong'oana meno ndio waliozikiana wazazi. Nayakumbuka mapengo yao yote, nikiwakumbuka nalia.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilikwenda kutazama. Elia alirusha ngumi, ikampata kaka kwenye kidevu, kaka akakaa chini kama gunia la alizeti. Ntandu aliinuka taratibu, akapangusa suruali, akamwonyesha Elia kwa kidole simu ile ya rekodi, iliyokuwa kwenye benchi.

"Hiyo nayo niandikie," akasema. "Halafu njoo turudie."